Saa Nne Kalemie

Tulianza na faili la kijani, la shilingi mia tano,
nililonunua kwenye kibanda cha fotokopi jirani na stesheni.
Bibi Mwamvita akaandika juu yake kwa mkono wake:
SAFARI YA ZIWA. Na chini, kwa herufi ndogo:
usiguse.

Meli inaondoka Kigoma Jumatano.
Itapitia Bujumbura, itavuka Kalemie,
itateremka hadi Mpulungu, kisha irudi.
Siku tisa, chakula humo humo, na kiti cha kuegemea.
Ni zawadi ya wajukuu. Tumechanga miezi kumi na mmoja,
na kwa kuwa mimi nilishika fedha,
nikaambiwa nishike na makaratasi.

Burundi ilikuwa nyepesi. Ntahondi wa Uhamiaji
aliipitisha kwa kidole, kama anafuta vumbi mezani.
Zambia pia: "Hakuna shida, mradi paspoti iwe hai."
Bibi akauliza kama kuna paspoti mfu.
Ipo, Bibi. Ndiyo hiyo yako.
Ilifariki miaka sita iliyopita,
ndani ya sanduku la vitenge.

Tukaomba mpya. Mpiga picha akamwambia asitabasamu.
"Sasa watanijuaje?"
Halafu vidole vikagoma.
Miaka arobaini ya kukamua mawese imemlamba ncha zote;
mashine inasoma, inasoma tena, inaona ukuta mtupu.
Mara ya saba, gumba la kushoto likakubali,
na foleni nzima ikapiga makofi.

Ikabaki Kongo.
Kongo kila mtu ana jibu lake.
Mmoja: viza lazima, hata ukishuka kununua karanga.
Mwingine: siku hizi sisi jumuiya moja, onyesha paspoti, pita.
Wa tatu alitaja bei kwa sauti ya chini,
nikaona heri asingeitaja.
Wakala wa meli akasema: "Asiposhuka hadaiwi kitu.
Aliye ndani ya meli bado yuko kwao."
Nikaiandika sentensi hiyo, nikamsomea Bibi jioni.
Akasonya.

Maana Kalemie ndiko aliko Sikujua, mdogo wake,
aliyeolewa ng'ambo, akaondoka na godoro na kuku wawili.
Miaka thelathini na moja.
Hilo halikuwa na ukurasa wake kwenye faili.

Ratiba inasema: Kalemie, saa nne.
Tulidhani ni saa nne asubuhi.
Kumbe ni muda wa kukaa, saa nne basi,
kuanzia saa nne,
ambayo kwao ni saa tatu.
Bibi akahesabu kwa vile vidole vyake visivyosomeka:
basi anapata saa moja ya bure.
Sikumsahihisha.

Kwa simu wamekwisha kupanga, bila kuniuliza.
Sikujua atakuja gatini na kigoda chake.
Mwamvita atasimama penye reli ya meli.
Kati yao maji, mita mbili, tatu,
na yale mafuta yanayoelea rangi rangi.
"Nani atagonga muhuri kwenye sauti?"

Nikarudi kwa Ntahondi na swali moja la mwisho:
kifurushi kikirushwa kutoka melini hadi nchi kavu
kinahitaji nini?
Akavua miwani. Akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga.
"Kina uzito gani?"
Kilo na robo. Dagaa wakavu, kitenge,
picha ya mama yao akiwa na meno yote.
"Sijakusikia," akasema, akaita mtu anayefuata.

Tangu Jumapili tunafanya mazoezi uani, hapa Mwanga.
Kamba ya nguo ndiyo reli.
Mabeseni matatu ya maji ndiyo ziwa.
Kifurushi ni soksi ya babu iliyojaa mchanga.
Mimi, niliyesimama upande wa pili karibu na jiko,
ndiye Kalemie.

Anarusha. Kinatua beseni la kati.
Anarusha. Beseni la kati.
Anapandisha khanga kiunoni, anarusha,
ananirowesha mpaka magoti.

"Sogea," ananiambia.
Kalemie haisogei, Bibi.
"Sikujua atasogea."